Mzee si Maktaba: Mazungumzo kama Kazi ya Mwanafunzi wa Lugha

Katika kitivo chetu haupiti mwaka bila mtu kutukumbusha mfano wa Amadou Hampâté Bâ, mwandishi wa Mali, ambaye mwaka 1960 mbele ya UNESCO aliwafananisha wazee wa Afrika na maktaba zinazoteketea wanapofariki. Mfano huo umefanya kazi kubwa. Umewatoa wanafunzi wengi darasani, ukawapeleka kwa wazee wakiwa na daftari na telefoni ya kurekodia, na methali, ngano na misamiati mingi imeokolewa. Hata hivyo mfano huo una upungufu wake. Maktaba hungoja kusomwa. Mzee hungoja kusemeshwa. Maktaba haikuulizi umelalaje, haikai siku tatu bila mtu wa kuitikia salamu yake, wala haiumii msomaji anapofunga kitabu asirudi tena.

Hoja yangu katika somo hili ni kwamba hapa Goma upweke wa wazee wengi hautokani na kukosa watu, bali na kukosa watu wa kuzungumza nao. Kwa kuwa mazungumzo ndiyo tunayosomea, kazi ya kupunguza upweke huo inatuhusu sana, nayo inatudai twende kwa mzee kama wasemaji wenzake, si kama wakusanyaji wa maneno.

1. Tuanze na neno lenyewe

Kiswahili sanifu kina maneno mawili yanayokaribiana. Upweke ni hali ya kuwa peke yako. Ukiwa ni hali ya kuachwa: mahali palipohamwa pana ukiwa, na mtu aliyefiwa na wazazi huitwa mkiwa. Mtu anaweza kuwa pweke kwa saa moja na akaifurahia saa hiyo. Hakuna anayefurahia ukiwa.

Robert Weiss, mwanasosholojia wa Marekani, alitenganisha jambo hili kwa namna yake katika kitabu chake cha mwaka 1973. Alisema kuna upweke wa kihisia, yaani kukosa mtu mmoja wa karibu wa moyo, na upweke wa kijamii, yaani kukosa kundi la watu unaohesabika kuwa mwenzao. Faida ya mgawanyo huo ni kwamba dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Mjane aliyezungukwa na wajukuu hana upweke wa kijamii, lakini wajukuu kumi hawawezi kujaza nafasi ya mume waliyeishi naye miaka arobaini.

Lakini ukitembea Katoyi au Majengo hutamkuta mzee akisema "nina upweke". Neno hilo ni la vitabu. Atasema "niko tu", au "niko na mawazo mingi". Jambo hili si letu peke yetu. Kule Zimbabwe, wasemaji wa Kishona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na kwa neno hilo hutaja huzuni ambayo daktari angeiandika kwa jina jingine. Mwanafunzi wa lugha anayengoja kusikia neno "upweke" hatalisikia, naye ataondoka akiamini kwamba tatizo halipo. Kazi yetu ya kwanza ni kusikiliza jina ambalo watu wenyewe wanalipa jambo lao.

Na jambo lenyewe lipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti tarehe 30 Juni 2025 likisema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Katika nchi zenye kipato cha chini ni karibu asilimia 24, na katika nchi tajiri karibu asilimia 11. Kwa hiyo wazo kwamba upweke ni ugonjwa wa Ulaya, na kwamba Mwafrika analindwa na ukoo wake, halikubaliani na hesabu hizo. Ripoti hiyo inasema pia kwamba vijana wa miaka 13 hadi 29 wanasumbuliwa zaidi ya wazee: kati ya asilimia 17 na 21 yao. Tulikumbuke hilo, maana linatuhusu sisi tunaosoma na kuandika hapa.

2. Nyumba imejaa, msemaji hayupo

Goma ni mji wa watu waliofika. Walio wengi kati ya wazee wetu walizaliwa kwingine: Masisi, Rutshuru, Walikale, Lubero, Kalehe, Idjwi. Walikuja na Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kinande, Kitembo, Kihavu. Wengine walikuja kutafuta kazi. Wengine walisukumwa na vita vya 1993, vya 1996, vya 2008, vya 2012, na vya miaka hii. Kila kuhama kulivunja kundi la wasemaji. Ukiwahesabu watu wa kijiji kimoja, huyu yuko Ndosho, yule Minova, yule wa tatu Uganda katika kambi, na wa nne ameshazikwa.

Mji wenyewe nao umewatawanya zaidi ya mara moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufuta avenyu nzima. Majirani wa miaka mingi hawakurudi kuwa majirani. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, watu wakaelekea Sake, Rutshuru na Gisenyi. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, na mwezi uliofuata kambi za wahamaji zilizouzunguka mji, kama Bulengo na Lushagala, zilivunjwa. Wazee waliokuwa wamepata mtu wa kwao wa kuzungumza naye katika hema la jirani walimpoteza kwa mara nyingine.

Wakati huohuo watoto na wajukuu wao walikuwa wakikua katika Kiswahili. Hilo si kosa la mtu. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika ibara ya kwanza ya Katiba ya 2006. Ndicho kinachotuwezesha kuishi pamoja avenyu moja. Lakini matokeo yake nyumbani ni haya: mzee anauliza kwa Kihunde, mjukuu anajibu kwa Kiswahili, na baada ya muda mzee anaacha kuuliza. Vijana nao wana yao. Usemi wao ambao wanaisimu wameuandika kwa jina la Yabacrâne hugeuza maneno ili asiye mwenzao asishike maana. Mzee anaketi barazani, nyumba imejaa sauti, na hakuna sauti hata moja inayoelekezwa kwake isipokuwa "Mama, chakula iko tayari."

Hali hii naomba ruhusa ya kuiita upweke wa kilugha. Weiss hakuitaja, lakini inagusa aina zake zote mbili. Mtu aliyepoteza wasemaji wa lugha yake amepoteza kundi; na mara nyingi amepoteza pia yule mtu mmoja aliyeweza kumwambia jambo bila kulitafsiri.

3. Wengine wamefanyaje?

Tusidhani kwamba sisi ni wa kwanza kufikiria kuwaunganisha wanafunzi na wazee. Kule Deventer, Uholanzi, makao ya wazee yanayoitwa Humanitas yaliwafungulia wanafunzi vyumba mnamo mwaka 2012. Mwanafunzi halipi kodi. Badala yake anatoa saa 30 kwa mwezi za kuwa jirani mwema kwa wazee. Nchini Ufaransa, sheria ya ELAN ya mwaka 2018 iliweka mkataba maalumu ambao mtu wa miaka 60 au zaidi anaweza kumpa chumba kijana wa chini ya miaka 30 kwa malipo madogo, nao wasaidiane katika maisha ya kila siku.

Mfano unaotukaribia zaidi kwa fani yetu ni wa Brazil. Mwaka 2014 shule ya lugha ya CNA iliwaunganisha kwa video wanafunzi wake wanaojifunza Kiingereza na wazee wa makao ya Windsor Park karibu na Chicago. Mwanafunzi alihitaji msemaji mzawa. Mzee alihitaji mtu wa kuongea naye. Hapo hakuna aliyemsaidia mwingine kwa huruma. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake alikitaka, na kitu hicho kilikuwa lugha.

Kule Harare mambo yaligeuzwa kabisa. Daktari Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006: akina mama wazee waliopewa mafunzo huketi kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kuwasikiliza watu wenye kufungisisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, ulionyesha kwamba waliozungumza na mama hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mzee hapo si mgonjwa wa kutembelewa, ndiye mganga.

Goma hatuna uwezo wa Deventer, na intaneti yetu haina utulivu wa kushika video kila wiki. Lakini wazee wetu hawako mbali katika makao. Wako avenyu ileile tunayolala. Kinachotakiwa ni miguu, saa moja, na ufundi wa kuzungumza.

4. Ufundi wenyewe

Salamu. Mwaka 1923 Bronislaw Malinowski aliandika kuhusu maneno yasiyobeba habari bali yanayofunga uhusiano kati ya wasemaji. Tunaposoma nadharia hiyo darasani tunaipa mistari mitatu ya daftari. Kwa mzee, ndiyo nusu ya ziara. Kuuliza habari ya usingizi, ya magoti, ya mvua, ya watoto, na kungoja jibu la kila swali, si utangulizi wa kazi. Ni kazi yenyewe. Angalia pia jina unalomwitia. Anayetoka katika vitabu vya sanifu anaweza kumwita mama mzee "bibi yangu" akidhani anamheshimu kama nyanya yake. Huku kwetu bibi ni mke, na baraza lote litacheka. Sema "Mama" au "Mzee", na "Papa" pale familia inapomwita hivyo.

Zamu. Sacks, Schegloff na Jefferson walionyesha mwaka 1974 jinsi wasemaji wanavyopokezana zamu kwa utaratibu. Mzee anahitaji kimya kirefu zaidi kabla ya kuanza zamu yake, hasa anapotafuta neno la Kiswahili ambalo si la kwao. Mwanafunzi mwenye haraka hukijaza kimya hicho kwa swali jipya, na kwa kufanya hivyo anachukua zamu ya mwenzake. Hesabu hadi tano moyoni kabla ya kusema.

Sauti. Nikolas Coupland, Justine Coupland na Howard Giles, katika kitabu chao cha mwaka 1991 kuhusu lugha na uzee, wanaeleza jinsi vijana wanavyopunguza lugha yao kupita kiasi mbele ya wazee: sentensi fupi, sauti ya juu, maneno ya kitoto. Wanafanya hivyo kwa nia njema, lakini mzee anasikia kwamba amehesabiwa mtoto. Kama hasikii vizuri, keti karibu na umtazame, usimpigie kelele.

Machungu. Watafiti haohao walichunguza mazungumzo ya wanawake wazee na wanawake vijana wasiofahamiana kule Wales, wakaona kwamba wazee hutaja mapema mambo ya uchungu: maradhi, vifo, kuachwa. Vijana wengi hawakujua la kujibu. Hapa kwetu, ambako machungu ni ya vita, swali hilo ni zito zaidi. Nimetunga mazungumzo mafupi kuonyesha njia panda inapotokea:

— Jambo Mama. Habari ya siku mingi?
— Jambo sana, mutoto yangu. Niko tu. Magoti inauma, usingizi hakuna.
— Mama, kwenu munaitaka maharagi namna gani?

Mwanafunzi huyu atapata jina la maharagi. Atalipata na la mahindi. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa kwenye "usingizi hakuna", naye amepita pembeni. Tazama njia ya pili:

— Usingizi hakuna tangu siku ngapi, Mama?
— Tangu jirani yangu alihama. Ni ye tulikuwa tunaongea naye luga ya kwetu.
— Mulikuwa munaongea nini?
— Bintu yote. Mashamba, bei ya makala, batu bale balituacha.

Hakuna ushauri aliotoa, wala mahubiri. Amerudisha neno la Mama kama swali, na Mama ameendelea mwenyewe. Sasa tunajua ugonjwa: si magoti, ni jirani. Na kwa mwenye kupenda isimu, mistari ya mazungumzo hayo yote ina mambo mengi ya kuchambua kuliko orodha ya nafaka, kuanzia viambishi vya ba- mahali pa wa- hadi -mingi na inauma zisizofuata ngeli za sanifu. Anayezungumza vizuri hukusanya pia. Anayekusanya tu si lazima azungumze.

5. Mpango wa muhula mmoja

Mimi namtembelea mama mmoja wa Katoyi, mjane aliyetoka Masisi, na ninayopendekeza hapa yametokana na ziara hizo pamoja na yale niliyoyasoma.

Kwanza, chagua mzee wa karibu, unayeweza kumfikia kwa miguu. Pitia kwa mkubwa wa nyumba kumi na kwa familia. Mtu asiyejulikana anayeulizauliza mzee habari zake huleta wasiwasi katika mji kama wetu. Nenda na mwenzako, mwenda pekee huzua maneno. Panga siku moja na saa moja ileile kila wiki. Mzee anayejua kwamba mgeni atakuja Alhamisi ana kitu cha kungoja tangu Jumatatu, na kungoja huko ni sehemu ya dawa.

Pili, usiahidi msaada wa pesa, na usirekodi katika ziara za mwanzo. Ukitaka kurekodi baadaye, omba ruhusa mbele ya familia na ueleze sauti itakwenda wapi. Usiulize nani alifanya nini katika vita. Mzee akilisema mwenyewe, sikiliza, lakini usiliandike wala usilibebe nje.

Tatu, jiweke mahali pa mwanafunzi kweli. Omba akufundishe kumsalimu kwa lugha yake, na umsalimu hivyo wiki ijayo hata kama utakosea na kuchekwa. Kicheko hicho kinamrudisha mzee kwenye kiti cha mwalimu, kiti ambacho mji ulimnyang'anya.

Nne, na hili naliona kubwa kuliko yote: tafuta wasemaji wengine. Wewe utamaliza masomo na kuondoka. Lakini unaweza kugundua kwamba katika avenyu ya nne kuna mzee mwingine wa Masisi, ukamsindikiza mmoja kwa mwenzake. Unaweza kutumia mega kidogo kumtafutia yule jirani aliyehama, na kumrekodia ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa Kihunde ambao wewe huuelewi hata neno. Asiyejua kuandika anajua kusema. Siku ambayo wazee wawili wanaongea na wewe hushiki kitu, ujue kazi yako imekamilika.

Tano, aga vizuri. Taja siku ya mwisho wiki tatu kabla, na umwache mzee na mtu, si na pengo.

6. Pingamizi mbili

Mtu atasema: wanafunzi wa Goma wenyewe wana njaa, benki zilifungwa mwanzoni mwa 2025, kodi ya chumba haijalipwa, nani ana nafasi ya kutembelea wazee? Pingamizi hili ni la haki. Lakini turudi kwenye hesabu ya Shirika la Afya Duniani: vijana wako wapweke kuliko wazee. Mwanafunzi aliyetoka Butembo au Walikale, ambaye njia ya kwao imefungwa, analala katika chumba bila mtu wa kumwuliza habari ya usingizi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kazi hii hatujui mapema ni nani kati ya wawili hao atakayepona.

Mwingine atasema kuwatunza wazee ni kazi ya familia na ya serikali. Kweli, ibara ya 49 ya Katiba yetu inawapa wazee haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Lakini hakuna sheria inayoweza kuamuru mtu aitikie salamu kwa Kinyanga. Familia inatoa chakula na kitanda, serikali ina wajibu wa kutoa ulinzi na dawa. Usemi unatoka kwa anayeujua au aliye tayari kujifunza.

Maswali ya kujadili darasani

a) Kwa siku saba, andika maneno ambayo wazee wa avenyu yako wanayatumia kutaja hali ya kuwa peke yao. Ni lipi linalokaribia ukiwa, na lipi linalokaribia upweke?

b) Katika nyumba unayoishi, nani anasema na nani kwa lugha gani? Chora mchoro wa mishale. Nani hana mshale unaomwelekea?

c) Endeleza mazungumzo ya njia ya pili hapo juu kwa zamu sita, bila mwanafunzi kutoa ushauri wowote.

d) Je, utafiti wa lugha unaomwacha msemaji mpweke kama ulivyomkuta unaweza kuitwa utafiti mzuri? Jibu kwa kutumia kazi moja uliyowahi kuifanya au kuisoma katika kitivo hiki.